Sisi Ndio Wenye Msichana

Eddah alikuwa na ugonjwa mmoja ambao Mwakirunge nzima iliujua: akisimama mbele ya mtu mwenye meza na kalamu, hakuwa na neno jingine ila "sawa". Alikwenda zahanati kulalamika kwamba dawa aliyopewa inamtia kizunguzungu, akarudi na chupa ya pili ya dawa ile ile. Alikwenda kwa mzee wa mtaa kusema kwamba jirani amesogeza ua, akatoka huko amekubali kuukata mpapai wake mwenyewe. Na si kwamba ni bubu, la hasha. Jioni akiwa kwenye karai lake la viazi kando ya barabara, hata makondakta humwogopa kwa ulimi. Lakini meza, jamani! Meza ilimnyang'anya kauli.

Basi ujumbe wa shule ulipoingia kwenye simu yake, aliusoma mara tatu. Ijumaa, kila mzazi wa Gredi ya Tisa afike kuonana na mwalimu wa darasa, wazungumzie mkondo ambao mtoto atafuata sekondari ya juu. Chini yake Mwalimu Nafula alikuwa ameongeza maneno ya Eddah peke yake: "Napendekeza Kadzo aende mkondo wa sanaa na michezo. Tafadhali njoo tukubaliane."

"Tukubaliane!" Mumewe, Menza, aliyasoma kwa sauti, akacheka bila furaha. Alikuwa ametoka machimboni, vumbi la mawe limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Wewe na kukubali? Mwalimu hatakuwa amemaliza salamu, mtoto keshaandikwa."

"Nenda wewe, basi."

"Mimi nikienda nitagombana."

Hakuwa akijisifu. Mara ya mwisho Menza alipohudhuria mkutano wa wazazi, alianza kwa kuomba apewe dakika moja, akamaliza kwa kusindikizwa hadi langoni. Bawabu wa shule mpaka leo akimwona kwa mbali hushika kufuli. Ndivyo mtoto wa watu alivyokuwa amejaliwa wazazi wawili, mmoja hawezi kusema hapana, mwingine hawezi kusema chochote kingine.

Kadzo alikuwa ndani akikunja sare. Mamake alimwita.

"Abee, mama."

"Mwalimu anasema sanaa. Wewe hukumwambia unataka sayansi?"

Msichana alitazama vidole vya miguu yake. "Aliniuliza kama sanaa itanifaa."

"Ukamjibu nini?"

"Sikujibu kitu."

Eddah alijua hasa jinsi hiyo "sikujibu kitu" ilivyokuwa: koo linavyokauka, macho yanavyotafuta sakafu, na baadaye njiani maneno yote yanavyokuja mbio, mazuri, yamepangika, na hakuna tena wa kuyasikia. Alikuwa amemrithisha mwanawe meno yake yenye mwanya, akafurahi. Hili la meza hakujua kwamba nalo hurithiwa.

Kwani Kadzo alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani. Tangu siku mbuzi wa jirani yao, Bi Jalila, alipougua, alitaka kuwa daktari wa mifugo. Na bila mkondo wa sayansi, hata mtu mzima asiyesoma angeweza kukwambia, udaktari wa mbuzi wala wa binadamu haupatikani.

"Mwite Bi Jalila," Menza alisema, akijifuta uso kwa fulana. "Hili si la mimi wala wewe. Hili linataka mshenga."

Eddah alimtazama kama aliyepigwa na jua. Mshenga wa kwenda shuleni? Lakini kadiri alivyolifikiria, ndivyo alivyoona mumewe mara hii amesema neno la maana.

Bi Jalila alizaliwa Mtongwe, ng'ambo ya pili kule Likoni, akaolewa Kisauni, na ujane ulimkuta Mwakirunge. Kazi ya mikono yake ilikuwa kusuka ukili wa mikeka, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ya kinywa. Watu wakitaka kuposa, wawe Waislamu au Wakristo, walianza kwake. Ndoa alizozifanikisha kuanzia Bamburi mpaka Mtopanga zilikuwa zimeshazaa wajukuu. Watu walisema ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na Eddah, aliyewahi kukaa nyuma ya pazia akisikiliza mwanamke huyu akizungumza na baba mkali wa Changamwe hadi baba yule akaanza kumwaga machozi na kuagiza soda, alijua si maneno tu. Bi Jalila alikuwa anasikiliza. Alikuwa anakaa kitako, anaweka mikono mapajani, na anamsikiliza mtu mpaka mtu yule anaanza kusema ukweli kwa sababu uongo umemwishia. Eddah alimpenda kwa hilo kuliko alivyowahi kumwambia.

"Shikamoo, Bi Jalila."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo hapa, kaa kitako. Uso wako hauna amani."

Eddah alieleza yote, na mwisho akaomba: twende wote, useme wewe, mimi nikae kando. Bi Jalila hakuinua macho kwenye ukili wake. Vidole viliendelea kusuka, na nje mbuzi wake Malkia alikuwa anakuna pembe zake ukutani.

"Kwanza niambie," akasema. "Huyu mwalimu ni mtu wa wapi?"

"Wa bara. Bungoma, nasikia."

"Ana wenyewe hapa?"

"Anaishi peke yake, Kiembeni."

"Anampenda mwanao?"

Eddah hakuwa amewahi kufikiria kwamba hilo ni swali. Alifikiri. "Kadzo anasema siku alipougua shuleni, mwalimu alimfunika kwa leso yake."

"Basi si adui. Umeniletea uso wa mtu anayekwenda vitani, na huko kuna mtu aliyemfunika mwanao leso." Aliweka ukili chini. "Sasa la pili. Nani anaposa hapa?"

"Hakuna anayeposa, Bi Jalila. Ni shule."

"Mwanangu, sikiliza. Kuna watu wanataka mtoto wenu aende mahali. Wameleta neno. Wanawaomba mkubaliane. Hiyo kwangu ni posa, wallahi, iwe ya mume iwe ya mkondo. Na katika posa kuna pande mbili. Kuna wanaobisha hodi, na kuna wenye msichana." Alimgusa Eddah gotini kwa ncha ya kipepeo cha kupepea mkaa. "Ninyi ndio wenye msichana. Umewahi kuona wenye msichana wakisema 'sawa' siku ya kwanza?"

Eddah hakuwa ameona. Hakuna aliyewahi kuona. Siku ya kwanza wenye msichana hupokea wageni vizuri, huwanywesha, husikiliza mpaka mwisho, halafu husema: tumesikia, tutawajibu. Hata wakiwa wanamtaka bwana harusi yule kufa kupona, hawasemi sawa. Kusema sawa siku ile ni kumtangaza binti kuwa mzigo uliokuwa unatafuta pa kutuliwa. Jambo hili Eddah alilijua tangu utotoni, kwao Wagiriama na kwa Waislamu pia, na hakuwahi hata siku moja kufikiria kwamba linaweza kumfaa mbele ya meza.

Wakaanza mazoezi. Bi Jalila alivaa miwani yake ya kusomea kwenye ncha ya pua, akaketi nyuma ya kinu kilichogeuzwa, akawa Mwalimu Nafula. Alikuwa mwigizaji wa hatari. Alikunja midomo, akapekua karatasi ambazo hazikuwapo, akatia lafudhi ya bara ambayo ilimfanya Eddah acheke mpaka akashika mbavu.

"Mama Kadzo, mtoto wako tunampeleka sanaa."

"Sawa, mwa..."

Kipepeo kilitua gotini, pa!

"Mama Kadzo, mtoto wako tunampeleka sanaa."

"Lakini mwalimu, yeye..."

Pa! "Usibishane. Anayebishana ni mumeo. Sisi hatubishani na wageni, sisi tunawasikia. Tena!"

Waliendelea hivyo kila jioni wiki ile, Eddah akiwa ameacha karai mikononi mwa shemeji yake. Majirani walianza kupita pale kwa visingizio. Mmoja alikuja kuomba chumvi akabaki mpaka magharibi, na alipotolewa nje alikuwa bado hana chumvi. Bi Jalila alimfundisha maneno machache tu. Sema: tumesikia. Sema: tutajibu tukishauliza. Na kati ya hayo mawili, uliza lile ambalo wenye msichana huuliza kila posa, kwa upole, bila kukunja uso: binti yetu mmemwonea wapi?

"Hilo ndilo lenyewe," Bi Jalila alisema. "Ukimuuliza mtu kamwonea wapi mwanao, atakwambia anachokijua. Na asichokijua utakiona mwenyewe."

"Na sanaa ikiwa nzuri kweli?"

"Sanaa si tusi. Kuna watoto wanaililia. Ni nzuri kwa anayeitaka."

Siku ya Alhamisi Bi Jalila alimwita Kadzo peke yake, akafunga mlango. "Mshenga lazima aonane na biharusi," alisema kwa mzaha, lakini alipotoka uso wake haukuwa na mzaha. Eddah akamuuliza: mtoto amesema nini?

"Hajasema. Anajua anachokitaka, ila bado hajakitoa mdomoni." Alirekebisha mtandio wake. "Eddah, nikwambie kitu. Nilipoposwa mimi, walikuja kuniuliza nyuma ya pazia. Nikanyamaza. Wakasema, kimya chake ndiyo yake. Wallahi sikuwa nimekubali. Nilikuwa natafuta maneno. Nilipoyapata, biriani ilikuwa imeshaiva."

Eddah alikuwa amemjua marehemu, mtu mpole aliyekuwa akirekebisha baiskeli.

"Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Nilimzoea, na nikampenda hatimaye. Lakini sikumchagua, na hilo halijaniondoka mpaka yeo. Ndiyo maana sijawahi kupeleka jibu la msichana ambaye sikumsikia kwa masikio yangu. Wazee wengine wamenikasirikia. Nimekaa kwenye mikeka ya watu mpaka miguu ikafa ganzi nikimngojea binti afungue kinywa. Ulijua hilo?"

Eddah hakulijua. Alijua sifa zote za Bi Jalila, alizihesabu kwa wageni kama mtu anayehesabu mali yake, na hili lililokuwa kubwa kuliko zote alikuwa hajalisikia. Macho yalimlengalenga. Alimshika mzee yule mkono, mkono mkavu wenye mikato ya ukili, akakaa hivyo bila haya.

"Kesho mwanao ataulizwa," Bi Jalila alisema. "Atachelewa kujibu. Wewe usimsemee. Ukimsemea, umemwoza."

Ijumaa walifika shuleni mapema. Eddah alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, Bi Jalila amevaa buibui jipya na kujifukiza udi, hata wazazi waliokuwa kwenye foleni waligeuka kuangalia ni harusi ya nani. Bawabu alichungulia nyuma yao kuhakikisha Menza hayupo, akafungua lango kwa heshima zote.

Jina la Kadzo lilipoitwa, Eddah alisimama. Bi Jalila hakusimama.

"Mbona umekaa?"

"Nimefika nilipokuwa nafika. Mshenga huketi barazani, wenyewe ndio huingia."

"Bi Jalila! Tulikubaliana!"

"Wewe ulikubali. Mimi nilisema nitakuja, na nimekuja." Akatoa tasbihi yake mkobani, akatulia kama mtu aliye kwake.

Eddah alimkasirikia kwa dhati. Kama si wazazi wale wote waliokuwa wakitazama, angemwambia neno. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ndani yake ilikuwapo meza.

Mwalimu Nafula alikuwa msichana mdogo kuliko sauti ya ujumbe wake, amechoka, ana kikombe cha chai kilichopoa. Alimkaribisha Eddah vizuri, akamuuliza safari, akaanza. Kadzo ni mtoto mzuri. Ana nidhamu. Anaimba, kwaya ya shule inamtegemea. Kwenye sayansi alama zake ni za wastani, lakini shida si alama. Darasani hainui mkono, hajibu, hashiriki majaribio mpaka asukumwe. "Kule sekondari ya juu, Mama Kadzo, mtoto kama huyo watamwacha nyuma. Sitaki ateseke. Kwa hivyo nimeona sanaa. Tukubaliane?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Eddah alilisikia likija kama linavyokuja siku zote, jepesi, limezoea njia. Goti lake likawasha pale pale kipepeo kilipokuwa kinatua.

"Tumesikia, mwalimu," akasema.

Alishangaa kusikia sauti yake ni ile ya kwenye karai. Mwalimu Nafula naye aliinua uso.

"Tumesikia na tunakushukuru. Ulimfunika mwanangu leso yako alipougua, nami sikuwahi kuja kukwambia asante." Akakaa vizuri kitini. "Ila nataka kukuuliza, mwalimu, kwa wema tu. Binti yetu umemwonea wapi?"

"Nimemwonea... darasani. Na kwaya."

"Akiwa anafanya nini darasani?"

Mwalimu alifikiri, na Eddah alimngoja. Aliweka mikono mapajani kama alivyoona ikiwekwa.

"Akiwa amenyamaza," Mwalimu Nafula akasema polepole.

"Mimi nimemwonea kwa mbuzi," Eddah alisema.

Na akasimulia. Jirani yetu ana mbuzi anaitwa Malkia, ambaye huponyoka kwenda jaani, na siku moja alirudi tumbo limemvimba kwa nailoni alizokula. Daktari wa mifugo alipokuja alisema lazima apasuliwe ubavu, akataka watu wa kumshika. Wanaume walikuwapo, wachimba mawe wenye misuli, na kisu kilipoingia kila mmoja alikumbuka shughuli yake. Aliyebaki amemshika mbuzi kichwa ni Kadzo. Hakufumba macho. Daktari alikuwa anachomoa mafundo ya nailoni, na Kadzo alikuwa amemwinamia yule mbuzi anamnong'oneza mpaka wakamaliza kushona. Baada ya hapo alikwenda kila siku kabla ya shule kulisafisha lile jeraha mpaka likafunga, na sasa mbuzi yeyote akikohoa Mwakirunge nzima, wanamwita yeye. "Na huko, mwalimu, hanyamazi. Huko anatutuma sisi wakubwa maji ya moto."

Mwalimu Nafula alikuwa amesahau kalamu yake. "Kwa nini hakuniambia? Nilimuuliza mimi mwenyewe kama sanaa itamfaa. Akanyamaza, nikajua amekubali."

"Alikuwa anatafuta maneno," Eddah alisema. "Nami pia huwa nayatafuta. Kwa hiyo leo hatukupi jibu, mwalimu, mpaka aulizwe mwenyewe. Na tumngojee."

Kadzo aliitwa. Alisimama kando ya meza, mikono nyuma. Mwalimu Nafula, na kwa hili Eddah alimheshimu tangu siku ile, aliisogeza meza kando kidogo, akageuza kiti chake wakawa wanatazamana bila kitu katikati.

"Kadzo, nilikuuliza vibaya. Nilikupa jibu ndani ya swali. Wewe unataka mkondo gani?"

Mtoto alitazama vidole vya miguu.

Kimya kiliingia, kikakaa. Nje mtu alikohoa. Mwalimu aliweka kalamu chini. Kila mfupa wa Eddah ulitaka kuruka kumwokoa mwanawe. Sayansi, sema sayansi, mama! Neno lilimjaa kinywani mpaka akauma mdomo wa chini, na akauma zaidi. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile, kukaa tu, kunyamaza kwa ajili ya mtu mwingine. Alimfikiria Bi Jalila kwenye mikeka ya watu, miguu imekufa ganzi.

"Sayansi," Kadzo alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, haikufika hata mlangoni. Kisha akainua uso, akamtazama mwalimu machoni. "Sayansi, mwalimu. Nitainua mkono. Nataka kuwa daktari wa mifugo."

Mwalimu Nafula aliandika. Alipomaliza aliigeuza karatasi kwa Eddah. "Mama Kadzo, umekubali?"

"Sawa," Eddah alisema, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kulitamka neno lile mbele ya meza akiwa analitaka.

Barazani Bi Jalila alikuwa bado ameketi, tasbihi inatembea vidoleni. Hakuuliza kama wamepewa sayansi. Hakuuliza mwalimu alisema nini.

"Msichana amesema?"

"Amesema."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, Bi Jalila. Mwalimu amemsikia, nami nimemsikia."

Mzee yule alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yakamtikisika, na Eddah akaogopa kwamba amemliza. Kisha mtandio ukaanguka, Bi Jalila akarudisha kichwa nyuma na kupiga vigelegele, palepale barazani pa shule, virefu, vya harusi. Milango ikafunguliwa. Mwalimu mkuu akatoka na kalamu mkononi, amekunja uso, akamkabili Eddah kuuliza kuna nini.

Eddah alimtazama yule mtu na kalamu yake. Halafu akaweka mkono mdomoni, akavijibu vigelegele vile kwa sauti yake yote.